Namba ya biashara isikae mfukoni mwa mtu

Soma mabango ya biashara jijini Mwanza kuanzia Mwaloni Kirumba, pita Barabara ya Kenyatta, uende hadi Nyegezi, na jambo moja litakurudia kila baada ya hatua chache. Ghala la dagaa limeandikwa namba tatu za simu za mkononi, kila moja ya mtandao wake. Nyumba ya wageni ina mbili. Duka la vipuri vya injini za mitumbwi lina nne, na mojawapo imepakwa rangi ikaandikwa nyingine juu yake. Hiyo iliyopakwa rangi ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Namba haifutwi kwenye bango kwa kupenda. Aliyekuwa akiibeba ameacha kazi, au amegombana na bosi, au simu imeanguka ziwani na laini haikurudishwa kwa jina sahihi. Lakini mteja aliyeiandika kwenye daftari lake kule Ukerewe, Musoma, Bukoba au Goma hajui habari za rangi. Ataendelea kuipiga ileile, na atakayeipokea, kama ipo ya kupokelewa, huenda leo anafanya kazi kwa mshindani wa jirani.

Ninachosema ni kwamba biashara yoyote ya ukanda huu wa Ziwa Victoria inayotegemea oda za simu, na yenye watu zaidi ya wawili watatu wanaozipokea, ihamishie simu zake kwenye intaneti. Wauzaji wa huduma hiyo wanapenda kuanza na unafuu wa bei. Mimi naona bei ni sababu ndogo, na kwa wengine si sababu kabisa. Sababu kubwa ni umiliki: namba iwe ya kampuni, kama mizani na leseni vilivyo vya kampuni, isiwe ya kijana aliyekabidhiwa simu kaunta.

Zamani jambo hili halikuwa na utata. Namba ya simu ya mezani ilifungwa kwenye jengo. Iwe enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, au baada ya kampuni ya simu ya TTCL kuanzishwa mwaka 1994, ofisi ya Mwanza ilikuwa na namba yake, karani akibadilika namba ilibaki mezani, na mpigaji aliyeona tarakimu za eneo mbele yake alijua anapiga Kanda ya Ziwa. Tatizo lilikuwa kuipata. Waya wa shaba ulifika maeneo machache, maombi yalisubiri, na wezi waliupenda. Simu za mkononi zilipokuja, watu walizikimbilia kwa haki kabisa. Kufikia mwaka 2020 laini za mezani nchi nzima hazikufika laki moja, wakati za mkononi zilikuwa zimevuka milioni 50. Sina machozi ya kuulilia waya. Lakini tulipoutupa waya tulitupa pamoja nao namba ya ofisi, na hicho cha pili hatukukusudia kukitupa.

Mambo yalizidi kukaza pale usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019 na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Lengo la usajili huo lilikuwa zuri, na naliunga mkono. Ila tazama ulivyoigusa biashara ndogo. Laini iliyosajiliwa kwa kidole na kitambulisho cha taifa cha mhasibu, kwa macho ya mtandao, ni ya mhasibu. Siku akiondoka anaweza kuichukua, na mwenye duka hana cha kuonyesha zaidi ya kusema kwamba ndiye aliyekuwa akiweka salio. Kampuni iliyosajiliwa inaweza kuchukua laini kwa jina lake, ndiyo, lakini wangapi hufanya hivyo pale wanapotaka laini leo saa hizi na kijana yuko karibu na kitambulisho chake? Tangu Machi 2017 mteja wa simu ya mkononi anaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Haki hiyo ni nzuri, lakini ni ya aliyesajiliwa. Ikiwa jina si lako, hata kuhama huwezi.

Kuna na lile la matapeli. Nchi nzima inaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Unafanya kazi kwa sababu tumewazoesha wateja wetu kwamba namba ya biashara hubadilika mara kwa mara. Mfanyabiashara wa dagaa aliyeko mbali, ambaye katika miaka mitatu amepewa namba tano za ghala moja, hana namna ya kuitambua ya sita kuwa ya mwizi. Biashara yenye namba moja isiyobadilika inampa mteja kipimo rahisi: pesa haizungumzwi nje ya namba hii.

Sasa hii simu ya intaneti ni kitu gani hasa? Msomaji wa Sengerema au Misungwi hahitaji maelezo marefu. Kabla ya Juni 19, 2025, lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, aliyetaka kuvuka alisubiri kivuko. Simu ya zamani ilikuwa zaidi ya kivuko, ilikuwa kivuko kilichokodiwa na abiria mmoja: ukipiga, njia nzima kutoka kwako hadi kwa unayempigia inatengwa kwa ajili yako peke yako, hata mkinyamaza. Simu ya intaneti inapita kama magari darajani. Sauti inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinaandikiwa anwani, kinavuka bega kwa bega na vipande vya simu nyingine, barua pepe na picha, na upande wa pili vinapangwa upya kuwa sauti. Ndiyo maana namba moja inaweza kupokea wapigaji kumi kwa wakati mmoja, na kila mmoja akapelekwa kwa mtu wake: huyu ghalani Kirumba, huyu kwa mhasibu, huyu kwa mwenye mali aliyeko Dar es Salaam.

Hapa ndipo wengi hukosea, hivyo nisisitize. Mpigaji hahitaji intaneti. Mvuvi wa Ukara mwenye kitochi na salio la shilingi mia mbili anapiga namba ya kawaida, mtandao wake unaikabidhi simu kwa kampuni inayotunza namba ya ghala, na ni kuanzia hapo tu ndipo sauti inapogeuzwa kuwa vipande vya intaneti. Akibipu tu akakata, namba yake inabaki kwenye orodha ya simu zilizokosa kupokelewa, orodha ambayo haimo ndani ya simu ya mtu mmoja aliyekwenda kula. Yeyote aliye zamu anaiona na anapiga. Kwa biashara ya ziwani, ambako bei ya dagaa inaweza kugeuka kati ya asubuhi na jioni kulingana na mwezi na mvua, simu iliyokosekana ni mzigo uliokwenda kwa mwingine. Mwenye ghala leo hajui amekosa simu ngapi. Anajua alizopokea yeye.

Naam, bei. Nilisema si sababu kubwa, na nina ushahidi. Ada ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kwa kuupokelea simu, inayopangwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ilikuwa shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013, ikashuka hadi 15.60 mwaka 2018, na mwaka 2022 ikafika shilingi 2. Ndiyo maana vifurushi vya dakika za mitandao yote vimekuwa vya kawaida, na ndiyo maana anayekuambia utaokoa mamilioni kwa kupiga simu za ndani ya nchi kupitia intaneti anakuuzia hoja ya miaka 15 iliyopita. Unafuu wa kweli upo kwenye matawi. Kampuni yenye ofisi Mwanza, Bukoba, Geita na Dar es Salaam inaweza kuyaunganisha yote kama vyumba vya jengo moja, na wafanyakazi wakapigiana kwa tarakimu tatu bila kulipia dakika, mradi intaneti ya kila tawi imekwishalipiwa. Upo pia kwa wanaozungumza na wanunuzi wa nje, kama viwanda vya minofu ya sangara. Zaidi ya hapo, usiamini mahesabu ya kipeperushi.

Viwanda hivyo vya minofu vinanifikisha kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko bei: kumbukumbu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipositisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya waliovuliwa kwa sumu, sekta nzima ilijifunza kwa maumivu kwamba soko kubwa halitosheki na neno la mdomo, linataka kujua samaki ametoka wapi na nani alimpokea. Leo joto la chumba cha baridi linaandikwa na shehena ina namba yake. Lakini agizo lenyewe, tani ngapi, bei gani, gari lifike saa ngapi, mara nyingi limetolewa kwa simu ya mtu binafsi na halikuacha alama popote ila kwenye vichwa vya watu wawili. Wakikosana, ni neno la huyu dhidi ya la yule. Mfumo wa simu wa ofisi unaandika wenyewe nani alipiga, saa ngapi, alizungumza na nani na kwa muda gani, na ukitaka unarekodi mazungumzo. Tahadhari ni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakubana: mteja aambiwe kwamba anarekodiwa, sababu ijulikane, na rekodi zisiachwe wazi kwa kila mfanyakazi. Sioni sharti hilo kuwa kero. Biashara isiyoweza kumwambia mteja wake kwa nini inamrekodi haina sababu ya kumrekodi.

Wapinzani wa wazo hili wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ubora wa sauti. Wengi wanaukumbuka mwangwi na ucheleweshaji wa miaka ya mwanzo, ulipokuwa ukiuliza swali na kusubiri kama anayezungumza na mtu wa ng'ambo ya bonde. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, na chanzo chake kinajulikana. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipita kwenye satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti ilihitaji karibu robo ya sekunde kupanda na kushuka tu. Wataalamu wa Shirika la Mawasiliano Duniani wanashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa yameharibika kabla hayajaanza. Ndani ya nyaya za Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka huohuo wa 2009, mwanga unakwenda Mwanza hadi Dar es Salaam kwa milisekunde chache. Umbali umekwisha kuwa kisingizio. Kinachoharibu sauti siku hizi ni foleni ndani ya ofisi yenyewe: kompyuta moja inapakua video, nyingine inasasisha programu, na vipande vya sauti vinasukumwa nyuma. Simu moja yenye sauti safi inahitaji chini ya kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, yaani simu kumi hazimalizi megabiti moja. Fundi anayejua kazi yake huiambia ruta ipitishe sauti kwanza, kama gari la wagonjwa barabarani. Fundi asiyelijua hilo msimlipe.

Ya pili ni umeme na kukatika kwa mtandao, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Simu ya waya wa shaba ilikuwa na sifa moja ambayo hii haina: ilipata umeme kutoka kituo cha simu, hivyo giza likiingia mtaani bado ililia. Simu ya intaneti inazimika pamoja na taa, isipokuwa umeweka betri. Habari njema ni kwamba ruta hula umeme mdogo tu, na betri ya ukubwa wa kawaida inaibeba kwa saa kadhaa. Kukatika kwa mtandao ni suala gumu zaidi. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mwenye biashara anayeuliza, "Nitapokeaje oda siku kama zile?" anauliza swali la haki.

Jibu lake liko katika mahali mtambo ulipo. Kampuni inayokutunzia namba ikiwa na mitambo yake nje ya nchi, waya wa baharini ukikatika na wewe umekatika, hata kama mteja wako yuko Igoma na wewe uko Buzuruga. Mitambo ikiwa ndani ya nchi, kukatika kwa waya wa baharini hakulazimishi simu yako ya ndani kufa. Tena namba hutunzwa kwa mtoa huduma, haitunzwi na kile kifaa cha mezani, kwa hiyo intaneti ya ofisi ikilala mtoa huduma mwenye uwezo huo anaielekeza simu moja kwa moja kwenye laini ya kawaida ya mkononi ya aliye zamu. Mpigaji hata hajui. Na kwa siku ambazo intaneti ya nchi nzima haipo, biashara yenye busara ibakize laini moja ya kawaida, iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, kwenye droo. Sijawahi kuona sababu ya kuweka mayai yote kwenye tenga moja, la zamani au jipya.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoisikia zaidi: WhatsApp ipo, ni bure, na wateja wako humo tayari. Ni kweli, na kwa kutuma picha ya mzigo au risiti haina mpinzani. Lakini kwa kawaida akaunti ya WhatsApp imefungwa kwenye laini ileile ya simu ya mkononi, kwa hiyo tunarudi palepale kwenye kidole cha mhasibu. Haimfikii mwenye kitochi. Na kanuni zake zinatungwa na kampuni ya Marekani ambayo siku ikikufungia akaunti, hakuna ofisi mtaani ya kwenda kuuliza. Kinyume chake, namba inayotoka kwenye mpango wa namba wa taifa ina msimamizi wake, TCRA, na anayekuuzia anapaswa kuwa na leseni yake. Tanzania iliupokea mfumo wa leseni wa pamoja mwaka 2005, ambao haumbagui mtoa huduma kwa teknolojia anayotumia, hivyo simu ya intaneti si jambo la kichochoroni. Kilicho haramu ni kupitisha simu za kimataifa kinyemela kwa mashine zilizojazwa laini, na muuzaji asiyeweza kukuonyesha leseni aepukwe bila majadiliano.

Wengine wanahofia kwamba mteja atapokelewa na mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili. Hofu hiyo naielewa kuliko zote. Biashara ya huku huanza na salamu, habari za nyumbani, habari za ziwa, na bei huja baadaye. Mzee wa Ukerewe akisalimiwa na sauti ya kopo atakata na hatarudi. Lakini mfumo haukulazimishi kuweka sauti hiyo. Simu inaweza kulia kwa watu watatu kwa pamoja na anayewahi akaipokea kwa mdomo wake, kwa Kiswahili au Kisukuma. Unaweza hata kuonyesha jina la anayepiga kabla hajaongea, na kijana aliyeanza kazi juzi akamsalimu kwa jina mteja wa miaka kumi. Sioni ubaridi wowote hapo.

Si kila mtu anahitaji haya. Mama mwenye meza moja Makoroboi, mwenye bodaboda, fundi cherehani anayefanya kazi peke yake, hao namba yao na biashara yao ni kitu kimoja, na wasishawishiwe kulipia wasichokihitaji. Wanaohitaji ni maghala, hoteli, mawakala wa mizigo, shule, zahanati na hospitali, kampuni za mabasi, wauzaji wanaohudumia migodi ya Geita. Na ningeongeza ofisi za umma. Halmashauri inayobandika mlangoni namba binafsi ya ofisa inawaweka wananchi katika mikono ya uhamisho: ofisa akipelekwa Mtwara, namba inakwenda naye, na mwananchi wa Ilemela anapiga simu inayolia Mtwara.

Kwingineko uamuzi unafanywa kwa nguvu ya ratiba. Uingereza imepanga kuuzima mtandao wake wa simu wa zamani ifikapo Januari 31, 2027, na biashara huko hazina hiari. Sisi tuna hiari, na kwa kuwa waya wetu wa shaba ulikuwa mfupi, hatuna mengi ya kubomoa. Anayeanza aanze na namba moja na simu mbili tatu, zikiwemo programu zinazowekwa kwenye simujanja walizonazo wafanyakazi, aone kwa miezi michache kabla ya kununua vifaa vya mezani. Na kabla ya kusaini aulize maswali matatu. Namba itasajiliwa kwa jina la nani? Mitambo iko nchini au nje? Na siku nikitaka kuhamia kwa mtoa huduma mwingine, nitaondoka na namba yangu au nitaiacha? Majibu ya maneno hayatoshi, yaandikwe ndani ya mkataba, hasa hilo la tatu, kwa sababu mfanyabiashara aliyeitoa namba yake kwenye mfuko wa mhasibu na kuikabidhi kwa kampuni isiyoiachia atakuwa amebadilisha tu mfuko.